Azizi Ali Alikuwa Nani?

Konda wa daladala ya Mbagala hana kazi ya kufundisha historia. Anagonga bodi, anapaza sauti, "Azizi Ali wapo? Azizi Ali shusha!" na kabla abiria hajakanyaga chini vizuri gari limeshaondoka. Jina la marehemu huyo hutajwa kwenye Barabara ya Kilwa kuanzia alfajiri mpaka usiku mkubwa. Lakini simama pale kituoni uwaulize vijana wa bodaboda Azizi Ali mwenyewe alikuwa nani. Mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba alikuwa Mwarabu mwenye mashamba. Mwenzake akamkatiza: mganga, tena mganga wa majini. Wa tatu, aliyekuwa anatafuna muhogo wake taratibu, akasema, "Mama, huyo atakuwa tapeli wa viwanja tu. Nani mwingine anaachiwa jina mpaka leo?"

Azizi Ali alikuwa mkandarasi wa ujenzi, Mwafrika aliyepata mali enzi za Mwingereza, wakati Waafrika wenye mali Dar es Salaam walikuwa wakihesabika. Mwanawe, Dossa Aziz, ni mmoja wa watu 17 walioasisi chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Dossa alitoa fedha zake, na gari lake ndilo lililombeba Julius Nyerere katika shughuli za chama kikiwa kichanga, hakina mbele wala nyuma. Mwanahistoria Mohamed Said, aliyeandika kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes kilichotoka mwaka 1998, amekuwa akiwasimulia watu habari za wazee hao kwa miaka mingi, kwa maandishi na kwa mdomo, na bila yeye wengi wetu tungebaki na majibu ya kijiweni.

Nilifundisha historia sekondari mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia wilaya hii ya Temeke. Nikikumbuka nilichokuwa nafundisha, nacheka peke yangu. Mtoto wa Tandika alijua mkutano wa Berlin wa 1884 ulianza mwezi gani na ulimalizika lini. Alijua viwanda vya nguo vya Manchester vilivyowaumiza watoto wa Kiingereza. Halafu kengele ikilia anarudi nyumbani akipita mbele ya Uwanja wa Uhuru, uwanja ambao bendera ya Mwingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na hajui kwamba ni hapo. Kwake ni mahali pa mechi za mchangani na mikutano ya dini. Mtihani haukuuliza, na mimi sikuwa na kipindi cha ziada.

Sasa kipindi ninacho. Jumapili moja moja, baada ya swala ya alasiri, tunakutana kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa au kwenye kibaraza cha mtu mwenye moyo. Turubai linatoka kwa jirani anayekodisha vitu vya shughuli, viti vya plastiki vinatoka huko huko, na maiki ikipatikana sawa, isipopatikana sauti ya ualimu bado ipo. Muuza kahawa hatuhitaji kumwita. Anasikia harufu ya wazee akiwa mtaa wa tatu, anakuja akigonganisha vikombe vyake, na kashata zinaanza kuzunguka kabla sijasema neno. Anayezungumza si lazima niwe mimi. Kazi yangu ni kuleta mada, kuleta karatasi mbili tatu, na kuzuia watu wasipigane.

Kibali kilikuwa na visa vyake. Ilikuwa miaka ile mikutano ya hadhara ya vyama imezuiwa, zuio lililoanza 2016 na kuondolewa Januari 2023, na kila aliyeona viti vimepangwa alinusa siasa. Mtendaji mmoja, sitamtaja yeye wala mtaa wake, alisoma barua yangu mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwalimu, hii historia ni ya chama gani?" Nikamwambia ni historia ya mtaa. Akasema mtaa nao una chama. Kwa kweli hakukosea sana. Tulielewana nilipomwomba afungue yeye mkutano, akae meza kuu, na aeleze alivyoikuta ofisi hiyo alipohamia. Aliongea dakika arobaini. Tangu siku hiyo barua zangu hazilali mezani.

Msomaji wa Arusha au Mwanza anaweza kujiuliza kuna historia gani ya kuzungumza Temeke, maana hata sisi wenyewe tumezoea kuamini kwamba historia inakaa Bagamoyo, Kilwa na Unguja, na ikikosekana huko basi iko Posta, kwenye majengo ya Mjerumani na sanamu ya askari. Huku uswahilini tunajiona tumekuja kupanga tu. Takwimu zinatusukuma kuamini hivyo: sensa ya 1957 ilikuta Dar es Salaam watu 128,742, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Kwa hesabu hiyo, karibu kila mmoja wetu chini ya turubai ni mtu wa kuja au mtoto wa mtu wa kuja. Mimi kwetu Tabora. Na Wazaramo, watani zetu, hawaachi kunikumbusha. "Mnyamwezi," aliniambia mzee mmoja wa Yombo mbele ya watu wote, "babu zako walibeba mizigo mpaka wakasahau njia ya kurudi. Leo wewe ndiye wa kutueleza habari za kwetu?"

Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikampa maiki. Ndiyo siku tuliyosimuliwa habari za Pazi Kilama, mwindaji na shujaa wa Kizaramo ambaye, kwa masimulizi ya wazee, aliwasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba, nao Washomvi wakawa wanawalipa Wazaramo ada iliyoitwa kanda la Pazi. Hayo ni mambo ya zamani kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Mzee alilieleza kanda lenyewe kwa mikono, lilivyosukwa na lilivyotiwa chumvi, kana kwamba alilibeba yeye. Kijana mmoja wa Kichaga aliyekuja kununua vocha akakaa mpaka magharibi.

Nikiwa mkweli, mada iliyotuletea watu wengi kuliko zote haikuwa Pazi. Ilikuwa usiku wa Uhuru.

Kitabuni usiku ule ni mfupi: taa za uwanja zilizimwa saa sita, bendera ya Uingereza ikashuka gizani, taa zikawashwa na bendera ya Tanganyika ikaonekana juu. Prince Philip alikuwepo kwa niaba ya Malkia, Gavana Turnbull alikuwepo, na usiku huo huo Alexander Nyirenda alikuwa anapandisha mwenge kileleni Kilimanjaro. Basi. Lakini nilikuwa na wazee wawili waliokuwepo, wote wakazi wa Chang'ombe, wote wakiwa vijana wadogo mwaka ule, na waliketi mstari mmoja wakiwa wamevaa kofia zao za kiua. Wa kwanza alisimulia mvua. Alisema ilinyesha jioni, watu wakaloa, shati lake jipya la popolini likamganda mwilini. Wa pili hakumngoja amalize. "Mvua ipi? Mimi nilikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yangu nyeupe. Mama alinichapa kesho yake kwa sababu ya vumbi!"

Hapo ndipo ninapopapenda. Darasani ningesema nani yuko sahihi nikaendelea. Chini ya turubai unauliza: Mzee, ulikuwa umekaa upande gani? Uliingia saa ngapi? Ulikuwa na nani? Ikajitokeza kwamba mzee wa mvua alikuwa ametembea tangu mchana kutoka mbali, na mzee wa vumbi hakuwa ndani ya uwanja kabisa, alikuwa nje kwenye mti pamoja na wenzake, wakiangalia taa kwa juu. Akabanwa kidogo, akakubali: "Nje, ndiyo, lakini nilikuwepo." Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba nusu ya waliokuwepo walikuwa juu ya miti, na ndivyo tulivyoanza kuongea habari za waliobaki nje, habari ambazo sikuwahi kuzikuta kwenye kitabu cha kiada. Kuhusu mvua, niliwaambia yapo magazeti ya wakati ule, Tanganyika Standard na Ngurumo, na kwamba mwenye kutaka aende sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, akasome la wiki hiyo. Mjukuu wa mzee wa mvua aliandika jina la maktaba kwenye kiganja. Babu yake alionekana hapendi wazo hilo.

Wanaume wakishamaliza usiku wa Uhuru huwa wanadhani mambo yamekwisha. Kwa hiyo mkutano uliofuata niliuweka wa kina mama, saa ambazo sufuria za mama lishe zimeshaoshwa, na mada ikawa namna wanawake walivyoingia TANU. Waliosoma wanalijua jina la Bibi Titi Mohamed, angalau kama barabara. Wachache wanajua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na kwamba mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuandikisha wanawake hakuanza kwa hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, kwa sababu vikundi hivyo vilikuwa na wanachama, na akiba, na sare, na nidhamu, na kila mmoja alijua mwenzake anakaa wapi. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Mtafiti wa Kimarekani, Susan Geiger, alikuja baadaye akawahoji kina mama hao na kuandika kitabu kuhusu wanawake wa TANU kilichotoka 1997. Mpaka leo sielewi kwa nini sisi tulimwachia mgeni kazi hiyo.

Nilipofika kwenye lelemama, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kimya na khanga yake imemfunika mpaka kwenye nyusi akanyanyua mkono. Amezaliwa Kariakoo, akaolewa Temeke wakati nyumba za kota bado zina harufu ya rangi. Akasema, "Mwalimu, unaeleza vizuri, ila hujacheza." Akasimama. Akatuonyesha mstari ulivyokaa, wakubwa mbele, wageni nyuma, mabega yanavyokwenda bila miguu kuhama, na namna neno la chama lilivyopita kutoka bibi hadi bibi katikati ya wimbo bila askari aliyekaa pembeni kushtuka. Kisha akaketi, akaomba maji. Baadaye mwanawe wa kike alinitolea kadi ya TANU ya mama yake, imehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za kodi ya ardhi. Pembe zimeliwa na mende. Jina limeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima: herufi kubwa kubwa, zimeshikana mikono, ya mwisho imekosa nafasi ikapanda juu. Hakuna makumbusho yanayojua kwamba kadi hiyo ipo. Nilimwomba aipige picha kwa simu, mbele na nyuma, aitume kwa wanawe wote, ili ikipotea moja zibaki nyingine.

Usidhani mambo yote ni ya fahari. Tulipofanya mazungumzo ya Kurasini, nilitarajia kusimulia ukombozi wa kusini na watu wapige makofi. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliasisiwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Kurasini ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wa Kimsumbiji waliokimbia nchi yao. Mwezi Machi 1968 pakazuka vurugu, taasisi ikafungwa. Februari 3, 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, akauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, ng'ambo ya pili ya jiji, Oysterbay, wilaya ya Kinondoni. Mama mmoja aliyeishi Kurasini utotoni alisema anayakumbuka matusi zaidi kuliko makofi: namna watoto wa mtaani walivyowatania wale wakimbizi kwa lafudhi yao, na namna watu wazima walivyonong'ona kila kifo kilipotokea kwamba wenyewe kwa wenyewe wamemalizana. Hakutaka kuendelea. Mzee mwingine akalalamika kwamba tunaharibu historia ya ukombozi. Nilimwacha alalamike, nikamwacha na mama aseme alichosema, maana wote wawili walikuwa pale na mimi sikuwepo.

Siku iliyonishinda ni ya Mbagala. Vijana waliniomba wenyewe tuzungumze habari za tarehe 29 Aprili 2009, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalipolipuka, watu zaidi ya ishirini wakafa na nyumba nyingi zikaharibika. Mimi nilikuwa naihesabu kama habari ya juzi. Kwao ndiyo vita yao. Walikuwa wanafunzi wa msingi siku ile, wakakimbia na sare, wengine wakalala kwa watu wasiowajua mpaka kesho yake. Niliwaomba wazee wasubiri, wasikilize. Kijana wa kuchomelea mageti alieleza alivyomshika mkono mdogo wake kutoka darasani, na alivyogundua baada ya muda mrefu kwamba mtoto aliyemshika si mdogo wake. Wote wawili walipatikana salama, alisema, na yule mtoto wa watu bado wanasalimiana. Hatukuwa na la kuongeza. Tulifunga mapema.

Upande wa Kinondoni mambo haya yamejipanga zaidi, na sisemi kwa wivu. Kijiji cha Makumbusho kipo Kijitonyama tangu miaka ya 1960, na nyumba zake za makabila na siku zake za utamaduni. Jirani yake, katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), lipo Kavazi la Mwalimu Nyerere, lililoanzishwa chini ya Profesa Issa Shivji, ambapo kumefanyika mihadhara ya maana. Mkahawa wa vitabu wa Soma, pale Mikocheni, umekuwa ukiwakutanisha waandishi na wasomaji. Panda mpaka Mlimani utakuta nyayo za wanahistoria kama Kimambo, Temu, Ranger na Rodney, na wale wanafunzi waliotumwa mwaka 1968 na 1969 kurudi kwao kusini kukusanya masimulizi ya vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Sisi tunaokaa chini ya turubai ni wajukuu wa kazi hiyo, hata kama hatuna kiyoyozi.

Na ukitaka historia yenyewe, Kinondoni imejaa. Kunduchi, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina, hatua chache kutoka wanakogonga kokoto. Msasani na Oysterbay ndiko Edward Saidi Tingatinga alikoanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi mwaka 1968, akauza kando ya duka, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya askari polisi aliyemdhania mhalifu. Kambi ya Lugalo, iliyokuwa ikiitwa Colito, ndiko askari walikoasi tarehe 20 Januari 1964 wakaitikisa serikali changa kwa siku kadhaa. Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya 1950, leo ni makumbusho, na si mbali nayo ipo Magomeni Kota, ambako kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikabomolewa, kiwanja kikabaki wazi kwa miaka, na maghorofa mapya yakazinduliwa mwaka 2022. Ningetamani kuwakalisha wale wa kota kwenye viti vya plastiki wasimulie hiyo miaka ya katikati kabla hawajaizoea lifti.

Mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba huko mazungumzo ya historia ya mtaa ni jambo la kawaida kama mnada wa Tandika. Kila mji una chama chake cha historia, watu wanalipa ada kidogo, wanakutana maktaba au kanisani, mtu anaonyesha picha ukutani, wanakunywa chai. Kila Septemba majengo mengi ya kale hufunguliwa bure ili umma uingie. Mji wenyewe una la kusema: mwaka 2012 mifupa ya mfalme wao wa kale, Richard III, ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari. Lakini mazungumzo yaliyomgusa mpwa wangu yalihusu watu wa kwetu. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikwenda hivyo hivyo, na leo watoto wao ndio wanaosimama mbele ya ukumbi kusimulia. Alinitumia sauti kwa WhatsApp akisema kilichomshangaza ni ukimya: mzee anasimulia alivyofukuzwa, watu wanasikiliza mpaka mwisho, wananyoosha mikono kwa zamu. Nikamjibu kwamba kwetu asingefika dakika ya tano bila mtu kumwambia duka lake lilikuwa upande ule mwingine wa barabara.

Kelele hizo ndizo ninazozitetea. Nimeona wasomi wakija na mradi, wanamhoji mzee mmoja mmoja chumbani, wanarekodi, wanaondoka. Peke yake mzee husema anachodhani mgeni anataka. Mbele ya majirani hawezi. Akisema alihamia Tandika mwaka fulani, kuna mtu atakayemwambia mwaka huo hata njia ya gari haikuwepo. Akijipa cheo katika tawi la TANU, kuna mjane wa katibu halisi amekaa mstari wa pili. Uongo hupungua, na hata ukibaki, unabaki na majina ya walioupinga.

Karatasi nazo tunazileta. Nina kitabu cha J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeipima Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, kikachapishwa 1963. Nakitafsiri papo hapo, sehemu fupi fupi, kuhusu nyumba za vyumba sita, wapangaji, na kina mama wenye nyumba, kisha nawaacha watu wamhukumu. Siku moja tulitoka nje na kitabu mkononi tukaenda kuiangalia nyumba moja ya zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Mwenye nyumba alipandisha kipande cha dari. Chini ya bati jipya kulikuwa na bati la zamani, na chini yake, kwenye kona ya jikoni, mabaki ya debe la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, maandishi yake bado yanasomeka. Mafundi wa leo walikaa wakibishana lilipigiliwa na misumari gani. Ofa ya kiwanja, risiti, picha ya harusi yenye gari nyuma, cheti cha ubatizo, karatasi za mradi wa kuboresha makazi uliopita Manzese, kisha Mtoni na Tandika katika miaka ya 1970: vyote hivyo vimo makabatini. Watu hawavileti kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia vina thamani kwa mtu mwingine zaidi ya wakili.

Gharama ndogo. Turubai na viti tunachangishana, aliye nacho anatoa, kahawa kila mtu analipa yake. Ugumu mkubwa ni barabara. Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ya kwenda Mbagala uliondoa vibanda na kuta, na vijiwe tulivyovizoea vikahama na watu wake. Ugumu wa pili ni misiba. Huwa naandika majina ya wazee wa kuzungumza kwenye daftari, na daftari hilo nimejifunza kulijaza kwa penseli.

Mkutano ujao tunavuka. Kigamboni zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, na kule Gezaulole, kijiji cha ujamaa cha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilichowapokea watu waliotolewa mjini kwa sababu hawakuwa na kazi, kuna mji wa kale wa Mbwamaji, mkongwe kuliko Dar es Salaam yenyewe. Nimeshapata wenyeji wawili: mmoja babu zake wamezikwa Mbwamaji, mwingine alipelekwa kwa lori akiwa kijana. Hawapatani tangu zamani kuhusu mpaka wa shamba la mikorosho, na kila mmoja ameniomba azungumze wa mwisho. Mtendaji wa kule ameuliza historia hiyo ni ya chama gani. Nimemwekea kiti meza kuu.